Ukikosa Miadi ya Daktari, Ulipe?

Waheshimiwa wetu wa bunge la wanafunzi wana hoja mezani, na wengi wetu tumeshaisikia kwa ma-CR au kwenye makundi ya WhatsApp ya kozi. Kituo cha afya cha chuo kinapendekeza kwamba mwanafunzi aliyeweka miadi na daktari wa meno, daktari wa macho au mshauri nasaha, kisha asitokee wala asitoe taarifa, atozwe Sh 5,000 kabla ya kupangiwa tarehe nyingine. Sababu yao inaeleweka. Daktari wa meno anakuja siku mbili tu kwa wiki, nafasi zinajaa mapema, halafu siku ikifika kiti kinabaki kitupu huku bwenini kuna mtu anameza Panadol usiku kucha kwa ajili ya jino.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, sina koti jeupe wala stetoskopu. Ila mahudhurio ni kazi yetu walimu. Mtu akipangiwa kuja asije, tunafundishwa kuuliza kwa nini kabla hatujashika fimbo (kama fimbo haitashikwa kabisa, hiyo ni mada ya siku nyingine). Na nimeona watu wanabishana juu ya hoja hii kama vile ni sisi wa kwanza duniani kuiwaza. Kumbe nchi kadhaa zimeipitia, tafiti zipo, na hapahapa Tanzania tuna karibu miaka 50 ya uzoefu wa mgonjwa asiyerudi.

Tuanze na hicho kiti kitupu, kinagharimu nini hasa. Wanaolizungumza sana jambo hili ni Waingereza, ambako daktari wa NHS halipwi na mgonjwa mlangoni na kila mtu hupangiwa saa yake. Januari 2019 NHS ya England ilitoa hesabu kwamba miadi milioni 7.2 ya madaktari wa familia ilikuwa inapotea kila mwaka kwa sababu mgonjwa hakuja wala hakusema. Wakaipa kila miadi thamani ya pauni 30, wakazidisha, wakapata pauni milioni 216. Ukiweka na manesi wa kwenye kliniki hizohizo, ni kama miadi moja kati ya 20. Namba kama hiyo ikitua gazetini, mwanasiasa hawezi kuipita. Mwaka 2022 Rishi Sunak, akigombea uongozi wa chama chake cha Conservative, alisema anayekosa miadi atozwe pauni 10. Chama cha madaktari, BMA, kikapinga. Oktoba mwaka huohuo akawa Waziri Mkuu, na mpango wenyewe ukawekwa kando. Ufaransa nako, mwaka 2024, Waziri Mkuu Gabriel Attal alitangaza kwamba anayekosa miadi atalipa euro 5, lakini serikali yake ikaondoka madarakani kabla utaratibu haujaanza kazi. Norway na Sweden wao wanatoza kweli, na maisha yanaendelea. Nawataja hawa ili tusidanganyane kwamba wazo la faini ni la watu wakatili.

Ila ile hesabu ya pauni 30 mara milioni saba ina ujanja kidogo. Daktari ambaye mgonjwa wake hajatokea hakai akiangalia ukuta. Anasoma majibu ya maabara, anapiga simu, anamaliza mafaili ya jana, au anamwona yule aliyechelewa. Hasara ipo, lakini si kwamba kila mgonjwa asiyekuja ni noti za pauni 30 zilizotupwa dirishani.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo mjadala wa Uingereza ukiuhamisha ulivyo unapotea njia. Nenda zahanati yoyote, au hospitali ya wilaya. Huna saa yako. Unaambiwa "njoo Jumanne". Unafika alfajiri, unaweka kadi mezani, unakaa kwenye benchi na wenzako 40, mnasogea. Mmoja asipokuja, benchi linasogea haraka zaidi, basi. Hakuna daktari aliyekaa bure. Na kliniki zetu nyingi zenye tarehe ya kurudi ziko hivyo: ya wajawazito, ya watoto, ya kisukari na presha, ya kifua kikuu, na CTC kwa wanaoishi na VVU. Mtu akikosa tarehe yake pale, muda wa nesi haupungui. Kinachokosekana ni dawa mwilini mwake, au chanjo ya mtoto, au kipimo cha presha cha mama mwenye mimba ya miezi minane. Kwa kifua kikuu na VVU hasara inavuka kwake inafika kwetu, kwa sababu dawa ikikatishwakatishwa vimelea vinazoea, na kifua kikuu sugu anaweza kumwambukiza mtu wa kiti cha pili kwenye daladala. Kwa hiyo kwenye sehemu kubwa ya nchi hii, ukisema "alipe hasara aliyoisababisha," unamkuta mwenye hasara ya kwanza ni yeye mwenyewe.

Hoja ya chuo chetu inahusu ile miadi michache yenye saa na kiti. Hapo kiti kitupu ni kitupu kweli, nakubali. Tuendelee kuanzia hapo.

Kuna utafiti mmoja ambao wanafunzi wa uchumi wanaupenda sana. Ulifanyika mwaka 1998 Haifa, Israel, kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mchana. Wazazi walikuwa wanachelewa kuja kuchukua watoto, walezi wanabaki wanasubiri. Watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, wakapanga baadhi ya vituo vianze kutoza shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji wakaongezeka, wakakaribia kuwa mara mbili. Maelezo yao ni kwamba kabla ya faini mzazi aliona haya: mlezi anakaa na mwanangu kwa hisani yake. Faini ilipowekwa, hisani ikawa huduma yenye bei, na bei yenyewe nafuu. Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau wakiusimulia: faini ilipofutwa, wachelewaji hawakupungua. Haya ilikuwa imeshauzwa.

Kwa mwanafunzi mwenye hela kidogo, Sh 5,000 ni bei. Anaamka, kuna mvua, anafikiria kushuka hadi kituo cha afya, anajiambia "buku tano tu bwana," anageukia ukutani analala. Kesho analipa, anapangiwa tena, na hakuna wa kumwambia neno kwa sababu deni lake kalimaliza. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa bumu, Sh 10,000 kwa siku ya kula na kulala, hiyo ni nusu siku. Huyo hatasema "buku tano tu". Lakini je, atakuja? Hapa ndipo nataka nikae, kwa sababu naona ndiyo kiini cha jambo.

Mwaka jana nilikuwa BTP, nafundisha Kiswahili na Historia kwenye shule moja ya kata. Sheria ya geti ilikuwa wazi: ukifika baada ya saa moja na nusu, fimbo mbili na kufyeka majani hadi kipindi cha pili. Asiyekuja kabisa akileta barua ya mzazi kesho yake kwamba alikuwa anaumwa, yamekwisha. Nilikabidhiwa rejista ya kidato cha pili, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wachelewaji walikuwa wachache mno kwa shule ambayo watoto wengine wanatembea kilomita sita. Siku za mvua ndiyo kabisa, hakuna mchelewaji hata mmoja, watoro 19. Ukienda dukani nyuma ya shule saa mbili kasoro unawakuta pale wamesimama, tai mfukoni. Mmoja aliniambia bila hata kuficha: "Mwalimu, bora nisije, kesho naleta barua." Mtoto wa miaka 15 alikuwa ameipiga hesabu ya ile sheria vizuri kuliko sisi tulioiweka. Kuchelewa kunauma, kutokuja hakuumi.

Ichukue hesabu hiyo uipeleke mapokezi ya kituo cha afya. Nchi kama Norway inaweza kukutumia bili nyumbani. Sisi hatuna njia hiyo. Mtu akikosa kliniki leo, hakuna atakayemfuata bwenini kudai Sh 5,000. Faini itamngoja pale dirishani mpaka atakapokuja kuomba tarehe nyingine. Asipokuja tena maishani, halipi hata senti. Analipa aliyejirekebisha na kurudi. Kwa utaratibu huo, tunachokiita faini ya kukosa kinakusanywa kama ada ya kurudi, na aliyeamua kupotea moja kwa moja anapotea bure.

Tena anayerudi huwa ana mzigo mwingine tayari. Anajua atasemwa. Mtu yeyote aliyewahi kukosa tarehe ya kliniki ya mtoto anamjua nesi wa dirishani: "Mama, tarehe yako ilikuwa lini? Soma hapo. Soma kwa sauti." Kwenye baadhi ya vijiji vya nchi hii kumekuwa na sheria ndogo za kumtoza faini mama anayejifungulia nyumbani, na nia ni nzuri, kila mtu anataka mama ajifungulie kwenye mikono salama. Lakini fikiria mama ambaye uchungu umemkuta usiku, hakuna bodaboda, kajifungulia nyumbani. Asubuhi anapaswa kumpeleka mtoto kupata chanjo na yeye kuangaliwa kama anatoka damu nyingi. Akijua kuna faini inamsubiri, ataona afadhali akae kwanza wiki mbili, tatu.

Kama mtu anadhani watu maskini wanaumwa kidogo pale hela inapowekwa mlangoni, Kenya walijaribu. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada kwenye hospitali zake, na Septemba 1990 ikasitisha. Kwenye kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa Nairobi, watafiti walihesabu waliokuja katika miezi hiyo tisa na kuchapisha matokeo kwenye The Lancet mwaka 1992: wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Sidhani kama kisonono kilikuwa kimekwenda likizo. Na ada ilipoondolewa, wanaume walirudi kiasi tu, hawakufikia idadi ya mwanzo. Hiyo ilikuwa ada ya matibabu, tofauti na faini, najua. Lakini mtu aliyesimama nje na mfuko mtupu hajui tofauti hiyo.

Swali ambalo sijasikia mheshimiwa yeyote akiliuliza ni hili: hawa wanaokosa ni akina nani? Tunaongea kana kwamba ni kundi la wazembe wanaodoji kliniki kama wanavyodoji kipindi cha saa nane mchana. Wapo, siwatetei. Lakini Scotland, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichukua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 500,000 wakaangalia nani anakosa mara kwa mara. Mwaka 2017 walieleza kwamba wanaokosa sana ni watu wa maeneo ya kimaskini, wazee wa zaidi ya miaka 90, na vijana wa miaka 16 hadi 30. Yaani sisi. Mwaka 2019 wakatoa sehemu ya pili, na hiyo ilinifanya nisome mara mbili. Kati ya wagonjwa wenye matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, wale waliokosa miadi zaidi ya mara mbili kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara nane ukiwalinganisha na wasiokosa. Kukosa miadi hakuui mtu. Ni kama homa, inakuambia kuna kitu ndani. Kliniki yenye orodha ya waliokosa ina orodha ya watu wanaohitaji kupigiwa simu kwanza.

Mwenzangu wa chumba mwaka wa pili ameniruhusu nimtaje bila jina. Baba yake alifariki wiki ya tatu ya muhula. Akaenda kwa mshauri nasaha mara moja, ikamsaidia, akapangiwa tena. Siku ya pili hakuweza kuamka. Siyo kwamba alisahau, saa ililia, nilimwamsha mimi mwenyewe, akaniambia "nakuja" akajifunika shuka. Alipojikongoja kwenda wiki iliyofuata kuomba tarehe, akaambiwa dirishani: "Wewe ndiye unayetupotezea muda, wenzako wanasubiri." Akageuka. Hakurudi mpaka UE zikapita, na alikamata sapu mbili. Kwa maneno tu bila faini, tayari mlango ulikuwa umefungwa. Ongeza na Sh 5,000 hapo uone.

Nilisema tuna uzoefu wa karibu miaka 50, na huu ndio. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na daktari aliyeshirikiana nao kwa karibu alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Tatizo lao kubwa lilikuwa hilihili. Dawa za TB zinamezwa miezi mingi, mgonjwa akishapata nafuu mwezi wa pili anaona amepona, haji tena. Walichofanya kinafanana na kazi ya mwalimu wa darasa kuliko ya polisi. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejista ya wilaya, akamezeshwa dawa mbele ya mhudumu hasa miezi ya mwanzo, dawa zikahakikishwa zipo, na kila robo mwaka wilaya ilitoa taarifa: waliopona wangapi, waliofariki wangapi, waliohamia wangapi, na waliotoroka wangapi. Neno ni lilelile la kwetu shuleni, mtoro. Ila angalia alikoandikwa mtoro huyo. Alihesabiwa kwenye taarifa ya kliniki, kama alama ya kliniki. Mratibu wa wilaya ndiye aliyekuwa na maswali ya kujibu. Utaratibu uliojengwa hapa na nchi jirani chache ndio Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 likausambaza duniani kwa jina la DOTS. Wakati Uingereza wanabishana kuhusu pauni 10, sehemu ya jibu ilikuwa imeshaandikwa kwenye madaftari ya waganga wetu wa wilaya.

Mfano wa pili ni wa majirani na unanifurahisha kwa sababu ya lugha yake. Mwaka 2007 watafiti Kenya walianza kuwafuatilia watu 538 walioanza ARV kwenye kliniki tatu. Nusu yao, kila Jumatatu, walikuwa wanapata meseji ya nesi yenye neno moja: "Mambo?" Hakuna "kumbuka dawa", hakuna "usikose tarehe". Ndani ya siku mbili unajibu "Sawa" au "Shida". Ukijibu shida, au ukinyamaza, nesi anapiga simu. Baada ya mwaka, waliopata meseji ambao virusi vyao vilikuwa vimefifia damuni walikuwa asilimia 57, na ambao hawakupata, asilimia 48. Pointi tisa kwa neno moja la mtaani. Nadhani siri iko kwenye kupigiwa simu unaponyamaza, kwa sababu anayenyamaza ndiye yule aliyejifunika shuka.

Tafiti za meseji za kukumbusha ziko nyingi, na zilipojumlishwa pamoja mwaka 2013 zilionyesha kwamba kati ya watu 100 wasiokumbushwa walikuja kama 68, waliotumiwa meseji kama 79, waliopigiwa simu 80. London, kwenye hospitali za Barts, walijaribu kubadili maneno ya meseji yenyewe. Meseji iliyotaja kwamba mtu asipokuja NHS inapoteza takribani pauni 160 iliwashusha waliokosa kutoka asilimia 11.1 hadi 8.4. Hakuna aliyetozwa hizo pauni 160, waliambiwa tu. Ukiwalinganisha na wazazi wa Haifa utaona kitu cha ajabu: kumwambia mtu gharama aliyoisababisha kunamgusa, na kumwambia ailipe kunampunguzia mzigo.

Kuna jambo jingine halizungumzwi. Wakati mwingine mtu anakosa kwa sababu tarehe zenyewe ni nyingi mno. CTC zetu ziligundua hilo. Zamani mtu alirudi kila mwezi kuchukua dawa, nauli kila mwezi, ruhusa kazini kila mwezi, uongo kwa majirani kila mwezi. Sasa ambaye afya yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita. Miadi ambayo haipo haiwezi kukoswa. Lakini kwa wajawazito tumeongeza: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane badala ya manne, na kitaalamu lina sababu zake. Mama ambaye nauli yake ya kwenda na kurudi ni Sh 4,000 ameongezewa safari nne za Sh 16,000, na bado kuna kliniki zitakazomrudisha kwa sababu hakuja na mwenza wake au barua ya serikali ya mtaa. Akikosa moja kati ya hizo nane, mimi sioni nianzie wapi kumwita mzembe.

Rafiki yangu wa BCom, ambaye tumebishana naye mpaka chai ikapoa, anasema kitu cha bure hakiheshimiwi. Nikamkumbusha kwamba si cha bure, wengi wetu tulilipa Sh 50,400 ya NHIF tukiingia mwaka wa kwanza. Akasema sawa, lakini je, yule anayekosa mara nne mfululizo kwa makusudi? Hapo ana hoja, na haki ya yule mwenye jino bwenini ni ya kweli. Pendekezo langu kwa huyo ni kwamba akikosa mara mbili bila taarifa, apoteze haki ya kupangiwa saa kwa muhula huo. Aje siku ya daktari wa meno, akae kwenye benchi, asubiri nafasi ya mwingine asiyetokea. Atatibiwa, ila kwa foleni kama wananchi wengine wa Tanzania. Hiyo inamgusa mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima kwa kipimo kimoja, na benchi likiwa na watu watatu wa namna hiyo, kiti cha daktari hakibaki kitupu hata siku moja. Na kliniki binafsi huko mjini zinazochukua malipo ya awali sina ugomvi nazo, mgonjwa wake ana mlango mwingine wa kugonga. Sisi mlango wetu ni huu mmoja.

Mengine ni ya kawaida kabisa na nashangaa hayakutangulia kwenye hoja. Kadi ya kituo chetu ina sehemu ya jina, namba ya usajili, tarehe na saa. Namba ya simu ya kupiga ukishindwa kuja haipo. Nimeigeuza nyuma, haipo. Ratiba ya test ikibadilishwa saa nne usiku, na tunajua inavyobadilishwa, mwanafunzi atamtaarifu nani? Iandikwe namba. Itumwe meseji jioni ya siku iliyotangulia. Iwepo orodha ya akiba ya watu watano walio tayari kuitwa ghafla, wengi tuko dakika kumi kutoka kituoni.

Na hata kama wabunge wataona Sh 5,000 ni lazima, nasaha itolewe kwenye orodha hiyo. Jino likiuma litamrudisha mtu lenyewe. Huzuni haifanyi hivyo, inamshika mtu kitandani. Mshauri nasaha ambaye mteja wake hakutokea atumie hiyo nusu saa kumpigia. Kama hapokei, kuna msimamizi wa bweni, kuna CR.

Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi jioni. Wasio wabunge wanaruhusiwa kukaa viti vya nyuma, na maswali ya maandishi yanapokelewa kwa Katibu hadi Jumatano mchana. La kwangu nimeshalipeleka: katika muhula uliopita, kati ya waliokosa miadi ya nasaha, wangapi walipigiwa simu?